Kituo kinaitwa Africana, hoteli yenyewe ililiwa na mawimbi. Wa Kunduchi wa zamani, mpo?

Mtoto wa Tegeta (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilipanda daladala Mwenge kurudi nyumbani. Konda, kijana ambaye sidhani kama amefika miaka ishirini na mbili, alikuwa amening'inia mlangoni: "Africana! Africana wapo?" Binti aliyekaa pembeni yangu akamuuliza mwenzake, "Hivi Africana ndiyo nini?" Mwenzake akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Si kituo."

Nilitaka kudakia, nikameza. Mtu wa umri wangu akianza kuhutubia kwenye daladala anaonekana amelewa. Kwa hiyo nimekuja kuhutubia hapa.

Africana ilikuwa hoteli, wakuu. Ilikuwa chini kule, ufukweni, enzi zile ambazo pwani ya kaskazini mwa Dar ilijengwa hoteli za watalii zikifuatana: Kunduchi Beach, Bahari Beach, Silversands na wenzake. Bahari ikaanza kuisogelea. Ikala mchanga, ikala bustani, ikafika kwenye misingi, watu wakahama wakaiacha. Jina likapanda mlima likakaa barabara ya Bagamoyo, na mpaka leo makonda wanalitangaza kila dakika tano.

Mimi nimekulia Tegeta miaka ya themanini. Jumapili, kama mzee hana safari, tulikuwa tunatembea kwa miguu kupitia Mtongani mpaka Kunduchi pwani. Mama anabeba kikapu: mihogo ya kuchemsha, samaki wa jana wa kukaanga, chupa ya chai. Tukishapita magofu, yale ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, mdogo wangu alikuwa anaanza kukimbia kwa sababu aliamini chini ya mibuyu ile kuna watu wa kale wamekaa wanatuangalia. Halafu unasikia sauti kabla hujaona kitu. Kama ni msimu wa kusi, ile sauti inakupata ukiwa bado kwenye minazi: nzito, inakatika, inaanza tena.

Na ufukwe ulikuwa mpana, jamani. Kutoka kwenye mivinje mpaka yalipo maji, maji yakiwa yametoka, tulikuwa tunapanga magoli mawili na kucheza mpira kwa upana, na bado wavuvi walianika nyavu zao nyuma ya goli bila mtu kugombana na mtu. Mchanga mweupe uliochanganyika na wa kahawia. Ukichimba kwa mkono unakutana na ule wa chini wenye baridi, kaka yangu alikuwa anafukia humo chupa ya maji mpaka saa ya kula.

Siku moja, nadhani nilikuwa na miaka tisa, nikaamua kulisubiri wimbi nikiwa nimesimama. Kaka alishasema: ukiona limeinuka na limeanza kuweka nywele nyeupe kichwani, usisimame, piga mbizi chini yake. Mimi nikataka kuona litafanya nini. Lilinichukua kama mama anavyochukua shati kwenye beseni. Nilisuguliwa mchangani, nikageuzwa, nikamezeshwa, sikujua juu ni wapi. Nilipofumbua macho niliona ukijani tu na mchanga unazunguka. Mkono wa mtu ukanishika kifundo cha mguu. Alikuwa mvuvi aliyekuwa anasukuma ngalawa. Akanitoa kichwa chini kama kuku wa kupelekwa sokoni, akaniweka mbele ya mama na kusema, "Huyu alikuwa anaondoka." Hakusema neno lingine, akarudi kwenye ngalawa yake.

Mama hakunipiga siku ile. Alinikumuta mchanga kwenye masikio huku mikono yake inatetemeka. Mchanga mwingine nilikuja kuutoa sikioni shuleni Jumatano.

Sasa mwezi uliopita nimempeleka binti yangu wa mwisho. Nilitaka kumwonyesha palipokuwa na magoli. Nikakuta maji, na nyuma ya maji ukuta. Nikajaribu kumwelezea, "Goli la kwanza lilikuwa…" nikajikuta naonyesha kidole baharini, pale ambapo mtumbwi umetia nanga. Akaniuliza, "Baba, mlikuwa mnacheza majini?"

Wenye kumbukumbu mwageni. Na kama kuna mtu anajua hasa nini kilitokea, atufungue macho.

Kipepe

Uzi bila picha ni risala ya harusi. Picha mkuu!

Mtoto wa Tegeta

Kipepe, kamera ilikuwa ya yule mpiga picha wa ufukweni. Anakupiga leo, unalipa nusu, picha unafuata wiki ijayo, na wiki ijayo hayupo. Ninayo moja tu, nimesimama mbele ya mnazi na kaptura ya shule. Nyuma yangu mchanga umeenda mpaka picha imeisha. Nitaitafuta.

Mvinje

Umenikumbusha mbali kaka yangu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dobi kwenye hoteli mojawapo ya zile (sitaitaja). Sisi watoto wa wafanyakazi tuliruhusiwa kuja upande wa nyuma, tunakaa kwenye kamba za kuanikia mashuka tunasubiri mabaki ya mikate.

Wafanyakazi walikuwa wanahesabu minazi. Kulikuwa na mstari wa minazi mbele ya vibanda, na kila msimu wa kusi ulipokwisha wanasema mwaka huu umekwenda mmoja, mwaka huu imekwenda miwili. Mnazi haudondoki siku moja. Kwanza unaona mizizi imetoka nje upande wa bahari, inaning'inia kama nyuzi za mkeka ambao haujamalizwa kusukwa. Halafu unainama, unainamia huko huko kwa anayeukula. Unaweza kukaa hivyo miezi. Watalii walikuwa wanaupenda sana mnazi ulioinama, wanakaa juu yake wanapigana picha. Mama alikuwa anasema, "Wanamkalia mgonjwa."

Asubuhi moja tulifika, mnazi umelala majini na dafu zinaelea. Tulikimbilia dafu. Watoto ni watoto.

Bin Nahodha

Assalaam alaikum. Mimi ni wa hapo hapo Kunduchi pwani, baba na babu wavuvi, na mimi nilivua mpaka mgongo ukakataa. Nisomeni taratibu kwa sababu naandika kwa kidole kimoja.

Mchanga haukai. Watu wa bara mnadhani ufukwe ni kama uwanja, mtu ameumwaga ukakaa. Kusi ikivuma, mawimbi yanapiga ufukwe kwa ubavu, kutoka kusini, na kila wimbi linabeba mchanga kidogo linausogeza kaskazini. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba hivi, yanapiga kutoka upande wa pili, unarudi. Lakini kusi ana nguvu zaidi, kwa hiyo hesabu ikifungwa mchanga mwingi umekwenda kaskazini kuliko uliorudi. Babu alikuwa anasema ufukwe ni abiria.

Sasa abiria akishuka, lazima apande mwingine. Ule uliokuwa unapanda ulitoka mitoni. Mvua za masika zinaposhuka, Mto Tegeta, Mto Mbezi na vijito vingine vilikuwa vinatapika mchanga baharini, maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa mpaka karibu na Mbudya. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki ya ufukwe. Mpaka hapo mnanielewa?

Na jambo la pili, mwamba. Wimbi la bahari kuu likifika kwenye mwamba linavunjika huko huko nje, linalokuja ufukweni ni mjukuu wake. Wenzetu wakaingiza baruti. Nimekaa kwenye ngalawa nikausikia mlipuko kwenye mbao kabla ya masikioni. Samaki wanaelea, nusu wanazama hawaokotwi, na matumbawe yamekuwa kokoto. Wengine walikuwa wanayachimba matumbawe wakayachome wapate chokaa. Mwamba ukishakuwa kokoto, babu wa wimbi anafika mwenyewe nyumbani.

Nyumba za watu zimeondoka hapa kwetu. Mimi mwenyewe nimeswali mahali ambapo sasa samaki wanapita. Bahari haishi zinge.

Zege la Kati

Naheshimu wazee ila tusizungushe. Hii ni mabadiliko ya tabianchi. Usawa wa bahari duniani umepanda kama sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Barafu inayeyuka, maji yenyewe yakipata joto yanatanuka, fukwe zinaliwa dunia nzima. Mnataka kumlaumu mvuvi maskini na baruti yake wakati viwanda viko Ulaya na Marekani?

Fundi Kalibu

Zege la Kati, jina lako na hoja yako haviendani, wewe ndiye ulitakiwa kujua habari ya mchanga 😀

Sikatai bahari kupanda. Inapanda, na huko mbele itatutesa zaidi. Lakini sentimita 20 zimegawanywa kwenye zaidi ya miaka mia. Hoteli pale haikusubiri miaka mia, na iliondoka kabla wengi wetu hatujalisikia neno tabianchi. Kuna kitu kilikwenda haraka kuliko barafu.

Nimekuwa kwenye ujenzi tangu nikiwa kijana wa kufyatua tofali. Dar ilipoanza kutanuka, kila mtu akawa anataka nyumba ya tofali za saruji. Tofali inataka mchanga. Mchanga wa bahari fundi mwenye akili hautaki, una chumvi, unakula nondo na lipu inatoa ukoga mweupe. Unataka wa mtoni, msafi, wenye chembe kubwa. Na wa karibu, kwa sababu bei ya mchanga ni bei ya dizeli. Basi malori yakashuka kwenye mabonde ya mito hiyo hiyo aliyoitaja mzee Bin Nahodha. Usiku na mchana. Makuli wanaingia na mabeleshi asubuhi maji yakiwa magotini, jioni lori linatoka na tani saba. Marufuku tumezisikia, zinakuja na kuondoka, na lori likikatazwa mchana linapita usiku.

Kila tripu iliyopanda Tegeta, Kawe, Mwenge, Sinza ni tripu ambayo haikufika ufukweni. Mawimbi hayakuongeza hamu ya kula. Sisi tuliacha kupakua.

Halafu likaja kosa la pili. Wenye mali ufukweni walipoona maji yanakuja wakajenga matuta ya mawe yanayoingia baharini, kama vidole. Yanafanya kazi, ila soma vizuri yanavyofanya kazi: yanamzuia yule abiria wa mzee. Upande wa kusini wa tuta mchanga unajaa, mwenye hoteli anafurahi. Upande wa kaskazini hakuna kinachofika, na mawimbi yanachukua kama kawaida. Jirani anaamka kwenye shimo. Na yeye anajenga tuta lake. Na jirani wa jirani vilevile. Wa mwisho kwenye foleni ndiye anayeliwa.

Na ukuta wa kusimama wima usidhani unamaliza kazi. Maji ya bahari mita moja ya ujazo ni zaidi ya tani. Wimbi la kusi likipiga kipande cha ukuta hata kama ni kifupi, hilo ni lori limegonga, na baada ya sekunde chache linagonga lingine. Mchanga mlaini ungelichosha hilo wimbi kwa kuliacha lipande mteremko mpaka liishiwe pumzi. Ukuta unalirudisha na hasira zake, linachimba mguuni pa ukuta wenyewe. Ndiyo maana unakuta ukuta mzima mzima umelala kifudifudi.

Zege la Kati

Sawa fundi, nimekaa chini. Ila tabianchi iko palepale.

Fundi Kalibu

Iko. Inamkuta mgonjwa ambaye tumeshamnyima chakula.

Mama Kibibi

Mimi sijui mambo ya mchanga, naomba niseme ya nguvu ya maji.

Tarehe 26 Desemba 2004, Jumapili, siku ya pili ya Krismasi. Mnakumbuka lile tetemeko la Sumatra huko Indonesia? Lilitokea alfajiri kwa saa zetu. Huku sisi hatujui kitu, nani alikuwa anaangalia intaneti sikukuu? Fukwe zote za Dar zilijaa watu. Tulikuwa na kanisa letu, watoto kama ishirini.

Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, kwa hiyo bamvua, yale maji yanayojaa na kutoka kupita siku nyingine. Asubuhi maji yalikuwa yametoka mbali sana, mchana yakaanza kujaa kama kawaida yake. Tumeshapakua pilau. Mzee mmoja muuza madafu akasema, "Mbona yanarudi?" Nikaangalia. Maji ambayo yalikuwa yanajaa yalikuwa yanatoka, tena kwa kasi, kama mtu amezibua beseni. Boti zilizokuwa zinaelea zikakaa mchangani. Watoto wakashangilia wakaanza kukimbilia kuokota samaki na kaa.

Sijui nilipata wapi akili. Si akili, ni woga. Nilipiga yowe la msibani. Watoto walinigeukia kwa sababu ya lile yowe, si kwa sababu ya bahari. Wakarudi wote, mmoja analia kwa kuacha ndala. Maji yakarudi. Hayakuja kama ukuta kama wanavyoonyesha kwenye televisheni, yalikuja kama mafuriko, yanapanda tu, yanapanda, yanabeba viti na masufuria, yakapita tulipokuwa tumetandika mikeka. Pilau lote likaenda. Halafu yakatoka tena. Yalifanya hivyo mara kadhaa, jioni nzima bahari haikujua kama inajaa au inakupwa.

Usiku ndiyo tukasikia redioni kuwa ni tsunami. Nchi yetu nayo ilipoteza watu siku ile, waliokuwa wanaoga kama watoto wangu. Nimeolewa, nimezaa, nina wajukuu, na mpaka leo nikiona maji ya bahari yanakwenda nyuma wakati si wake nyonga zinalegea.

Mvinje

Dada nimesoma huku nimejishika kifua.

Kipepe

Huyo mzee wa madafu apewe nishani. Na mimi naomba radhi kwa utani wa picha.

Mswahili wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nimeusoma uzi wote, na nataka kuongeza upande wetu kwa sababu sisi tuna vyote viwili.

Hapa Nyali na Bamburi tumekua tukioga ufukwe wa Pirates bila kujua wimbi ni nini hasa. Mwamba uko nje kule, unaona mstari mweupe tu na kuskia ngurumo kwa mbali. Ndani maji ni kama bwawa. Mimi nilijua wimbi nilipopelekwa Malindi kwa khalati yangu, mwezi wa saba. Mbele ya mji pale kwenye ghuba mwamba umeachia, basi kusi inaingia moja kwa moja. Niliambiwa, "Wewe si mtoto wa Mombasa, hebu ingia tukuone." Niliingia mara moja. Suruali ya kuogelea sikuiona tena.

Lakini ajabu yenyewe ni hii. Nyinyi Kunduchi mmenyimwa mchanga. Malindi wamelishwa mpaka wamevimbiwa. Mto Sabaki unamwaga kaskazini ya mji, na unabeba udongo wa bara kote, mashamba ya milimani na Ukambani huko, kwa sababu watu walikata miti na ardhi ikabaki uchi. Maji ya ghuba yanakuwa mekundu msimu wa mvua. Ufukwe umesonga mbele, badala ya kurudi nyuma. Kuna majumba yaliyojengwa mlango kwa mlango na bahari, leo mgeni anatembea kwenye vilima vya mchanga mpaka achoke ndipo anyeshe miguu. Na tope hilo hilo likielekea kusini linasumbua matumbawe ya hifadhi ya baharini iliyowekwa tangu 1968.

Kwa hiyo nyinyi mlichimba mto ukakauka mchanga, sisi tulichimba milima mto ukajaa. Bahari inapokea tu kilicholetwa.

Mjukuu wa Pangani

Mkizungumzia kuliwa na bahari bila kutaja Maziwe mimi sitalala.

Maziwe ilikuwa kisiwa, baharini mbele ya Ushongo, kwetu Pangani. Kisiwa cha miti, mivinje. Bibi yangu alikuwa anasimulia wavuvi wakilala huko, na kasa wakipanda usiku kutaga mpaka unashindwa kukanyaga. Hakukuwa na mahali Tanzania nzima penye kasa wengi kama pale. Miti ikakatwa. Mizizi ikafa, mchanga ukakosa wa kuushika, na mwishoni mwa miaka ya sabini kuingia themanini kisiwa kikazama. Kimebaki fungu la mchanga. Maji yakitoka unaliona, jeupe kabisa, unashuka kwenye boti unatembea. Yakijaa, unaelea juu ya nchi.

Na kasa, jamani, bado wanakuja. Wanataga pale pale kwenye fungu ambalo maji yakijaa linafunikwa. Vijana wa Ushongo wanafuata mayai wanayahamishia bara wayafukie upya, la sivyo yote yanaoza.

Kipepe

Kasa hajaambiwa kama kisiwa kimezama? Huyo ndiye anayemwambia konda "Africana shusha."

Mtoto wa Tegeta

Kipepe leo umenichekesha halafu ukaniumiza.

Wakuu, nimekaa kimya tangu fundi aandike. Si hasira. Niliandika jibu mara tatu nikafuta.

Kwenye uzi nilisema "kama mzee hana safari". Safari za mzee wangu zilikuwa ni za lori. Bedford la bluu, mali ya tajiri mmoja, mzee alikuwa dereva na kaka yangu mkubwa utingo siku za likizo. Na lilikuwa linabeba mchanga. Kutoka Mto Tegeta. Nililijua hilo maisha yangu yote na sijawahi kuliweka karibu na ufukwe hata siku moja. Mto ulikuwa huku, bahari kule, na katikati tulikuwa tunapita kwa miguu Jumapili na kikapu.

Jana nimekwenda kwa mama. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri ila kumbukumbu haijayumba. Nikamuuliza nyumba hii ilijengwa na mchanga wa wapi. Akanishangaa. "Wa baba yako. Tajiri alikuwa anampa tripu moja kila mwisho wa mwezi badala ya posho. Vyumba viwili vya mbele ni mwaka mmoja wa posho." Nikamuuliza kama mzee aliwahi kusema chochote juu ya ufukwe. Akasema mara moja tu, tulipokwenda tukakuta mivinje miwili imelala. Mzee alisimama akaitazama muda mrefu, halafu akasema tuondoke maji yanajaa. Na yalikuwa hayajai, mama anasema. Yalikuwa yanatoka.

Nimelala kwenye chumba cha mbele. Ukuta wa upande wa dirisha lipu imebanduka kidogo, nikapitisha kidole. Mchanga wenyewe ni wa kahawia, chembe kubwa kubwa, na ndani yake kuna vipande vidogo vinavyong'aa. Goli letu la kwanza, nadhani, limo humo.

Mzee sitamlaumu. Tulikuwa watoto saba kwenye chumba cha kupanga.

Fundi Kalibu

Mkuu, mimi nimefyatua tofali kwa mchanga ule ule miaka kumi na sita. Usiku huu tuko wawili.

Mvinje

Na mimi mashuka yaliyomlisha mama yalilaliwa na watu waliojenga hayo matuta. Basi tuko watatu.

Zege la Kati

Swali la kizushi. Kama hoteli ilianguka, zege lake limeenda wapi? Zege halielei.

Bin Nahodha

Lipo. Nani kasema limeondoka? Maji yakitoka sana kwa bamvua unaona vipande vimekaa kwenye mchanga, vimeota magugu na chaza. Nyavu zetu zinanasa hapo mpaka tumeshazoea kupakwepa. Changu wanapapenda.

Mtoto wa Tegeta

Mzee wangu shikamoo. Ukiniambia siku, namleta binti.

Bin Nahodha

Marahaba mwanangu. Hesabu mwezi mpevu, siku moja au mbili baada yake. Maji yatakuwa yametoka kabisa kwenye saa nne asubuhi. Njoo saa tatu, uvae viatu, chaza wanakata. Nitakuwa kwenye kibanda cha nyavu, uliza mzee wa mgongo.

Kipepe

Na mimi naja. Nashukia wapi?

Mvinje

😂😂

Bin Nahodha

Ukishuka hapo upande bajaji. Lakini saa sita isikukute kwenye zege. Yakianza kujaa hayakusubiri umalize kupiga picha.